Vyuo Vikuu vya Umma Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Masomo, Utafiti na Kazi

Haya ndiyo maswali ambayo wazazi, watahiniwa wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), makomredi walioko chuoni na wanafunzi wa uzamili huuliza kila mwaka, mara nyingi kwa maneno yale yale. Yanaanzia mambo ya msingi na kuishia hali zisizo za kawaida. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Chuo kikuu cha umma ni kipi hasa, na Nairobi kuna vipi?

Ni chuo kilichopewa hati ya idhini kwa mujibu wa sheria na kinachomilikiwa na wananchi kupitia serikali. Kinaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na anayekagua ubora wake ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi tunaiita CUE.

Chuo Kikuu cha Nairobi kimetawanyika: Kampasi Kuu iko katikati ya jiji, sayansi ziko Chiromo, kilimo na mifugo Upper Kabete, biashara Lower Kabete, sheria Parklands, ualimu Kikuyu, na udaktari umepakana na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya (Kenya Poly ya zamani) kwenye barabara ya Haile Selassie, Chuo Kikuu cha Multimedia upande wa barabara ya Magadi, na Chuo Kikuu cha Ushirika mtaani Karen. JKUAT, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, iko Juja, kaunti ya Kiambu, ila wanafunzi wengi huingia na kutoka jijini kila siku kwa matatu za barabara ya Thika.

2. Vyuo hivi vilitoka wapi?

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama chuo cha ufundi wakati wa ukoloni, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1956. Jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki, iliyokuwa ikichanga pesa za kujenga chuo cha kumbukumbu ya Mahatma Gandhi, ilikubali kuunganisha mchango wake na mradi huo. Ndiyo maana ndani ya Kampasi Kuu kuna jengo lenye jina la Gandhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka wa 1970 kikajitegemea.

Chuo cha Kenyatta kilianzia kwenye kambi ya jeshi la Waingereza pale Kahawa, iliyokabidhiwa serikali mwaka wa 1965 ikawa chuo cha walimu. Kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1985. JKUAT ilianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ikapata hadhi kamili mwaka wa 1994.

3. Kazi ya chuo kikuu cha umma ni nini zaidi ya kutoa vyeti?

Ni tatu: kufundisha, kutafiti, na kuandaa wataalamu ambao nchi haiwezi kuendeshwa bila wao. Wengi huzizungumzia kana kwamba ni idara tatu zisizojuana. Ukweli ni kwamba mhadhiri aliyetoka juzi kwenye maabara au kijijini anakokusanya data hufundisha tofauti na yule anayesoma noti zilizochakaa, na daktari aliyefundishwa wodini na mtafiti humhudumia mgonjwa tofauti. Utafiti ndio unaolisha hizo nyingine mbili, na ndio uliokatiwa fedha zaidi. Msimamo huu utaukuta katika majibu mengi hapa chini.

## Kujiunga na karo

4. Ninahitaji alama gani?

Wastani wa C+ katika KCSE ndio mlango wa shahada ya kwanza. Kuanzia hapo, kila kozi ina masomo yake ya lazima na ushindani wake. Maombi hupitia KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi vyuo, lililochukua nafasi ya bodi ya pamoja ya zamani iliyojulikana kama JAB.

Kosa linalojirudia ni mtoto kujaza kozi kwa sababu jina lake linapendeza. Soma kwanza masharti ya bodi ya taaluma husika, kwa sababu chuo kinaweza kukupokea na bodi ikakukataa miaka minne baadaye. Mifano iko kwenye swali la 16 na la 17.

5. Karo ni kiasi gani na nani hulipa?

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa Sh16,000 kwa mwaka za masomo, na serikali ikalipa zilizobaki. Mwaka wa 2023 ulikuja mfumo mpya unaopanga familia katika makundi kulingana na uwezo wake, kisha kugawa ufadhili na mkopo kufuatana na kundi. Wazazi wengi walilalamika kuwa wamewekwa kundi lisilo lao. Suala likafika kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kuwa mfumo huo unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa. Kwa hivyo usitegemee hesabu uliyosikia kwa jirani. Ingia kwenye akaunti yako, soma barua ya mwaka wako, na kama umewekwa kundi lisilokufaa, kata rufaa mapema ukiwa na stakabadhi: barua ya chifu, cheti cha kifo cha mzazi, ripoti ya hospitali.

Mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unatakiwa kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, faini ni Sh5,000 kila mwezi. Kama huna kazi, waandikie uwaeleze. Ukimya ndio unaowaumiza wengi.

6. "Paraleli" ilikuwa nini, na ilienda wapi?

Ni mpango wa kujilipia karo kamili ulioanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1998. Uliwafungulia mlango waliokosa nafasi za serikali na watu wenye kazi waliotaka kusoma jioni. Pia uliviletea vyuo pesa nyingi, vikajenga na kufungua matawi kila mji. Udhibiti wa mitihani ulipokazwa mwaka wa 2016, watahiniwa waliopata C+ kwenda juu walishuka hadi karibu 89,000. Nafasi za serikali zikatosha kila aliyefuzu, na pesa za paraleli zikakauka. Sehemu kubwa ya madeni ya vyuo mnayoyasikia ina mizizi hapo.

## Masomo na maisha ya darasani

7. Mbona madarasa yamejaa hivi?

Idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi kuliko ya wahadhiri. Vyuo vilipobanwa, badala ya kuajiri vilijaza pengo kwa wahadhiri wa muda, ambao huzunguka chuo hadi chuo na mara nyingi hukaa miezi wakidai malipo. Darasa la wanafunzi mia tatu wenye mhadhiri mmoja haliwezi kuwa na insha zilizosahihishwa kwa makini. Ni lazima mtihani uwe wa kukariri, kwa sababu ndio unaosahihishika.

Unachoweza kufanya wewe: unda kundi la watu watano au sita mnaosoma pamoja, na umtembelee mhadhiri ofisini saa alizobandika mlangoni. Wahadhiri wengi hukaa ofisini saa hizo bila mtu kubisha hodi.

8. Alama zangu zimepotea. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloletwa kwa machozi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne amesimama mbele ya ubao wa idara, kidole kikifuata namba yake ya usajili kwenye orodha ya watakaohitimu, na namba haipo, kwa sababu somo moja la mwaka wa pili halina alama.

Sababu za kawaida ni hizi: hukusajili somo kwenye mfumo ingawa ulihudhuria, karatasi yako iliingia kwenye bahasha ya darasa jingine, alama za majaribio ya muhula hazikujumlishwa na za mtihani, au mhadhiri wa muda hajalipwa na hajawasilisha alama za darasa zima.

Anza na mhadhiri mwenyewe. Asipopatikana, nenda kwa mratibu wa mitihani wa idara, kisha mwenyekiti wa idara, kisha mkuu wa kitivo. Kuanzia hatua ya pili andika barua na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri. Ambatisha kadi ya mtihani na utaje tarehe, ukumbi na saa uliyofanya mtihani, kwa kuwa ulitia sahihi kwenye orodha ya ukumbini na orodha hiyo inapaswa kuwa imehifadhiwa. Piga picha kila kadi ya mtihani kila muhula. Kagua alama zako muhula unapokwisha. Ukingoja mwaka wa nne, mhadhiri huenda amehamia chuo kingine.

Kumnyima mwanafunzi mahafali kwa karatasi iliyopotelea mikononi mwa chuo ni dhuluma, na haifai kuzoeleka. Mkiwa wengi wenye tatizo la somo moja, andikeni barua moja yenye majina yote. Barua ya watu arobaini haifichwi kirahisi.

9. Kwa nini wahadhiri hugoma kila mara?

Mara nyingi ni mkataba wa mishahara uliotiwa sahihi na haukutekelezwa. Mgomo wa mwaka wa 2025 ulidumu siku 49, na kiini chake kilikuwa deni la Sh7.9 bilioni la mkataba wa 2017 hadi 2021. Yaani watu walikuwa wakidai pesa za miaka iliyokwisha kupita.

Mwanafunzi ndiye anayebeba hasara: kodi ya chumba cha Ngara au Kahawa inaendelea kulipwa huku hakuna masomo. Tumia muda huo kwa lile linalowezekana bila darasa, hasa mradi wa mwaka wa mwisho (swali la 12), na usiondoke kwenda mbali. Mgomo ukiisha, ratiba hubanwa na mitihani hufika ghafla.

10. Nani huamua tunafundishwa nini?

Idara huandika mtaala, kitivo hupitia, seneti ya chuo huidhinisha, na CUE hutoa ithibati. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kitaaluma na uhuru wa utafiti wa kisayansi. Hilo si jambo dogo. Hadi mapema miaka ya 2000, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vyote vya umma, na walimu waliosema yasiyopendeza walifutwa au kufungwa.

Mfano bora wa wahadhiri kubadilisha mtaala ni wa 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na ile simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mjadala ulioanzia kwenye kikao cha kitivo Nairobi ukawafikia wanafunzi wa fasihi Afrika nzima.

## Utafiti

11. Utafiti wa vyuo vyetu umewahi kuleta nini?

Umeleta mengi, ingawa matunda yake hayafiki haraka na hayatangazwi vya kutosha.

Chukua Majengo, mtaa wa Pumwani. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya kazi ya ngono mtaani humo. Wakagundua jambo ambalo dunia haikulitarajia: baadhi ya wanawake hao walikutana na virusi vya ukimwi kwa miaka mingi bila kuambukizwa, na chembe za kinga za miili yao zilionekana kuvitambua virusi. Hapo ndipo wazo la chanjo lilipopata nguvu. Mwaka wa 2001 majaribio ya chanjo ya ukimwi yakaanza Nairobi, kwa ushirikiano na Oxford, chanjo ikiwa imetengenezwa kwa kufuata aina ya virusi inayoenea zaidi Kenya.

Chanjo ile haikutoa kinga ya kutosha. Lakini maabara na wataalamu waliojengwa kwa ajili yake walibaki, na wanaendelea na majaribio mengine. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi na mhadhiri, alitumia miaka yake kuwafundisha wanawake wa Majengo wafundishane wao kwa wao namna ya kujikinga, na njia hiyo ikaigwa kwingine. Wanawake wenyewe, waliokubali kutolewa damu na kuulizwa maswali magumu mwaka baada ya mwaka, wanastahili kutajwa kila mara kazi hii inaposifiwa.

Kulikuwa pia na mzozo wa hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi), kwa sababu ombi lilikuwa limewasilishwa Uingereza bila Wakenya kuhusishwa, hadi makubaliano yakafikiwa. Kila mtafiti chipukizi na aujue mzozo huo: masuala ya umiliki yaandikwe kabla sampuli ya kwanza haijatolewa.

Mengine kwa ufupi. Wangari Maathai alipata uzamifu wake Nairobi mwaka wa 1971 na kufundisha anatomia ya wanyama kabla ya dunia kumjua kwa miti. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa mhadhiri wa chuo hicho hicho, alianzisha ICIPE mwaka wa 1970, kituo ambacho hadi leo kiko Kasarani kikitafiti wadudu wa mimea na magonjwa. Na mwezi Mei 2018, setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa Italia na Japani, ilirushwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga.

12. Mimi ni wa shahada ya kwanza tu. Naweza kushiriki utafiti?

Ndiyo, na usingoje uzamili. Mradi wa mwaka wa mwisho ni utafiti, hata kama wengi huununua mtandaoni. Ukiununua umejinyima nafasi ya pekee ya kusimamiwa na mtaalamu bure.

Njia nyingine ni kumwendea mhadhiri mwenye mradi na kumwomba kazi ndogo: kuosha vyombo vya maabara, kuingiza data, kuwahoji watu mtaani kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu. Watafiti wengi wanatafuta vijana wanaoweza kuhoji mama mboga Gikomba bila kumtisha. Barua ya pendekezo inayotoka kwa mtu uliyemfanyia kazi miezi sita ina uzito kuliko ya aliyekuona kwenye orodha ya alama tu.

13. Pesa za utafiti hutoka wapi?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka, kupitia Hazina ya Taifa ya Utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Hata asilimia 1 imekuwa mlima. Matokeo yake ni kwamba miradi mikubwa hulipiwa na wafadhili wa nje, na anayelipa ndiye huchagua swali. Ukimwi na malaria hupata pesa, na ndivyo inavyofaa, lakini mchumi anayetaka kuchunguza bei ya unga Kawangware hujilipia nauli.

Hili ni jambo la bungeni. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize kuhusu hiyo asilimia 2.

14. Ninahitaji vibali gani kabla ya kukusanya data?

Idhini ya idara kwa pendekezo lako, idhini ya kamati ya maadili ikiwa unahusisha watu au wanyama, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kwa utafiti wa kitabibu Nairobi, wengi hupitia kamati ya pamoja ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukiingia shule au kituo cha afya, ofisi za kaunti nazo zitataka kuona leseni. Anza miezi kadhaa mapema, na usikusanye data ukingoja karatasi "zitafuata": data hiyo inaweza kukataliwa yote.

15. Uzamili unachukua muda gani, na msimamizi asiponijibu?

Kwenye makaratasi ni miaka miwili, na uzamifu miaka mitatu. Kwa hali halisi wengi huvuka, na kinachowachelewesha si masomo ya darasani bali tasnifu. Mwanafunzi anatuma sura ya kwanza, msimamizi ana wanafunzi wengine kumi na madarasa manne, na sura inakaa.

Kabla ya kujisajili, waulize waliomtangulia: ni wangapi wamehitimu chini yake, na alichukua muda gani kurudisha kazi? Mkianza, kubalianeni tarehe, na baada ya kila kikao umtumie barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Akinyamaza muda mrefu, una haki ya kuomba kubadilishiwa msimamizi kupitia mwenyekiti wa idara; huo si utovu wa nidhamu. Kwa uzamifu pia utadaiwa makala zilizochapishwa kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Jihadhari na jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa kwanza.

## Taaluma na kazi

16. Shahada inatosha kunifanya mhandisi, daktari au wakili?

Hapana. Chuo kinatoa shahada. Leseni hutolewa na bodi ya taaluma.

Daktari husoma miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini, ndipo baraza la madaktari likampa leseni. Mhandisi husoma miaka mitano, akajisajili na EBK (bodi ya wahandisi) kama mhitimu, na hufanya kazi chini ya wahandisi waliosajiliwa kwa angalau miaka mitatu kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Mwenye shahada ya sheria bado huenda Kenya School of Law pale Karen, akafanya mitihani na miezi sita ya mafunzo chini ya wakili, kisha akaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Mhasibu mwenye shahada ya biashara bado atadaiwa CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu. Mwalimu bila namba ya TSC (tume ya walimu) hawezi kuajiriwa kihalali.

17. Nimesikia mtu akimaliza sheria au ualimu kisha akakataliwa. Inawezekanaje?

Kwa sababu bodi nyingine hurudi nyuma hadi KCSE. TSC humtaka mwalimu wa sekondari awe na wastani wa C+ na pia C+ katika masomo mawili anayofundisha. Ukiwa na C+ ya wastani lakini C ya historia, usichague historia kuwa somo lako la kufundisha.

Kwa sheria, masharti ya Kenya School of Law yametaja wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Namna yanavyomhusu aliyepitia diploma kwanza imezua kesi nyingi kortini. Kama hiyo ndiyo njia yako, omba ufafanuzi kwa maandishi kutoka shule yenyewe kabla ya kulipa karo ya mwaka wa kwanza.

18. Nitajuaje kozi inatambuliwa?

Angalia mambo mawili: ithibati ya CUE na msimamo wa bodi ya taaluma. Vyombo hivi vimevutana kwa miaka kuhusu nani mwenye neno la mwisho, na wanafunzi wakaumia katikati. Tembelea tovuti za zote mbili. Neno la karani wa usajili pekee halitoshi.

19. Atachimenti (mafunzo ya kazini wakati wa masomo) ina maana, au ni kutumwa chai tu?

Ina maana ukiitafuta mapema na ukaenda na lengo. Ofisi zinazopokea wengi hukosa kazi ya kuwapa, ndiyo hapo chai inapoingia. Karakana ndogo ya Industrial Area au zahanati ya mtaani mara nyingi itakushikisha kazi halisi kuliko ghorofa refu la Upper Hill. Jaza daftari lako kila jioni, maana mhadhiri atakayekuja kukukagua ataanza nalo.

20. Nataka kuwa mhadhiri. Njia ni ipi?

Shahada ya kwanza yenye daraja zuri, uzamili, uzamifu, na machapisho. CUE imekuwa ikisisitiza uzamifu kwa cheo cha mhadhiri. Kupanda hadi mhadhiri mkuu, profesa mshiriki na profesa kunategemea utafiti, idadi ya wanafunzi wa uzamili uliowafikisha kwenye mahafali, na huduma kwa chuo. Nafasi za kudumu ni chache, kwa hivyo wengi huanza kama wahadhiri wa muda, na yaliyosemwa kwenye swali la 7 yanawahusu. Ninawaheshimu wanaovumilia. Nchi haijawatendea haki.

## Hali zisizo za kawaida

21. Sikupata C+. Nimefungiwa nje?

Hujafungiwa. Diploma kutoka taasisi inayotambuliwa inaweza kukuingiza kwenye shahada, na baadhi ya vyuo hukuondolea masomo uliyokwisha kufaulu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kina mizizi ya ufundi, na huko kwenye diploma kunafundishwa kazi za mikono ambazo wenye shahada hukosa. Kwa taaluma zenye masharti ya KCSE, soma tena swali la 17.

22. Nafanya kazi. Naweza kusoma bila kuacha ajira?

Vyuo kadhaa vina madarasa ya jioni na wikendi. Pia kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka wa 2023, ambacho hufundisha kwa njia ya mtandao.

23. Niliacha masomo miaka iliyopita kwa kukosa karo au kwa ugonjwa. Naweza kurudi?

Mara nyingi ndiyo, hasa kama uliahirisha kwa barua. Kama uliondoka kimya, andika kwa msajili wa masomo ukieleza sababu na kuambatisha ushahidi. Huenda ukawekwa na darasa la mtaala mpya na kuongezewa somo moja au mawili. Wakati mwingine kuna kikomo cha miaka ambayo shahada inaweza kuchukua, kwa hivyo usikawie. Mama aliyejifungua na mtu aliyefiwa wana haki ya kuahirisha sawa na aliyelazwa hospitalini.

24. Nilisoma nje ya nchi. Shahada yangu itatambuliwa?

Iombee utambuzi rasmi kabla ya kutafuta kazi. Utahitaji cheti, nakala ya alama zote, na tafsiri iliyothibitishwa kama havikuandikwa kwa Kiingereza. Bodi yako ya taaluma inaweza kukupa mtihani wa ziada, hasa kwa udaktari.

25. Mimi si mwanafunzi. Naweza kusoma utafiti uliofanywa kwa kodi yangu?

Unaweza. Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na JKUAT zina hifadhi za kidijitali ambamo tasnifu nyingi za uzamili na uzamifu zimewekwa wazi, bila malipo. Andika jina la mtaa wako, zao unalolima au ugonjwa unaokusumbua kwenye kisanduku cha kutafutia. Mkulima wa Kabete atakuta kazi za udongo wa Kabete, na mzazi wa Mathare atakuta za shule za Mathare. Ukikwama kwenye lugha ya kitaalamu, anza na muhtasari wa mwanzo na sura ya mapendekezo ya mwisho. Jina la idara huwa kwenye ukurasa wa kwanza. Waandikie uwaulize utafiti huo umefikia wapi.